Miaka 42, niliachia senior three: nirudi darasani au kuna njia nyingine?

Mama Sare (Busia)

Habari zenu wakubwa. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa.

Nina miaka 42, niko Busia upande wa Uganda. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilifanya 1997 nikapata daraja la pili, nikaachia senior three mwaka 2000. Kazi yangu ni kushona sare za shule. Nina cherehani mbili na msichana mmoja wa kunisaidia. Ninachotafuta ni mambo mawili: cheti cha kuonyesha shule zinapoita zabuni, na baadaye, Mungu akijalia, nafasi ya kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi.

Watu wamenipa njia tatu. Wa kwanza anasema nilipe sasa, niandikishwe senior four, Oktoba nifanye UCE, mtihani wake wa mwisho. Wa pili anasema niachane na sekondari, nifanye mtihani wa mature age niingie chuo kikuu moja kwa moja. Wa tatu anasema nivuke mpaka nikafanye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya. Nani anasema kweli?

Slipu ya PLE sijui iko wapi, na kitambulisho changu kina jina la ndoa. Muda nilio nao ni saa mbili kila jioni, siku tano kwa wiki.

---

Mwalimu wa Mitihani (Tororo)

Dada, huyo wa kwanza anakuuzia mtihani ambao haupo tena.

Zamani ilikuwa kweli. Mtu mzima alilipa shule yenye kituo cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, akajisomea nyumbani, Oktoba akaja na kalamu yake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na senior one ya 2020, na kundi lake la kwanza likafanya UCE mwaka 2024. Kuanzia hapo alama za UCE zina vipande viwili: 80 kwa mia hutoka kwenye mtihani wa mwisho, na 20 kwa mia hutoka kwenye tathmini endelevu, yaani kazi za darasani na mradi ambazo mwalimu anazipima na shule inazipeleka UNEB. Kazi hizo ni za senior three na senior four. Ukiingia senior four mwezi wa tano huna alama za mwaka uliopita, na hakuna mtu anayeweza kukutengenezea kihalali.

Kinachofuata ni hiki. Matokeo siku hizi hayana madaraja ya kwanza hadi la nne kama ya wakati wako. Kila somo lina herufi, A hadi E, kisha mtahiniwa anawekwa katika Result 1, 2 au 3. Result 1 maana yake umepata cheti. Result 2 maana yake kuna sharti hukutimiza, na kukosa tathmini endelevu ni mojawapo. Unaweza kuwa na alama nzuri kwenye karatasi halafu ukaondoka bila cheti. Result 3 ni wale waliopata E kila somo.

Kwa hiyo kama ni UCE, mlango wako ni senior three, mwezi wa pili, miaka miwili kamili. Hiyo senior three ya 2000 haihesabiki kwa sababu ilikuwa ya mtaala mwingine. Ila hujaanza sifuri: PLE yako bado inakuingiza sekondari, haizeeki.

Masomo ni nane hadi tisa. Saba ni ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia na Elimu ya Siasa. Unachagua moja au mawili ya kuongeza. Angalia hizo sayansi tatu vizuri kabla ya kuchagua shule, kwa sababu ndizo zinazowaangusha watu wazima. Shida si ugumu wake. Shule nyingi za jioni hazina maabara, na mtahiniwa anakutana na bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo.

Maswali yenyewe yamebadilika kwa namna ambayo inakufaa wewe kuliko mtoto wa miaka 16. Huulizwi "taja", "eleza maana". Unapewa hali ya maisha, unatakiwa utatue. Nikutungie mfano wa Hisabati wa aina hiyo:

Shule imeagiza gauni 84. Gauni moja hula mita 1.75 za kitambaa. Muuzaji anauza kwa jora zima la mita 50, hakati. Utanunua majora mangapi, na utabaki na mita ngapi?

Wewe tayari umeshaanza kuhesabu kichwani: 84 mara 1.75 ni 147, majora matatu, zinabaki mita tatu. Lakini alama haziko kwenye jibu peke yake. Mtahini anataka aone hatua, vipimo vimeandikwa, na sababu ya kupandisha 2.94 kuwa 3. Watu wa biashara huandika "majora 3" wakaishia hapo, wakapoteza alama ambazo wamezistahili. Zoea kuandika njia yote.

Usajili UNEB hufungwa kwa ada ya kawaida mwishoni mwa Mei, baada ya hapo kuna nyongeza ya adhabu. Ada ya UCE imekuwa shilingi 164,000 kwa anayejilipia, na hiyo ni mbali na karo ya shule.

---

Karani wa Udahili

Naongezea kuhusu mature, maana kila mwaka watu wanaliwa pesa hapo.

Mtihani huo upo na ni halali. Ni kwa mtu aliyefikisha miaka 25. Makerere hutangaza maombi yake kuelekea mwisho wa mwaka na mtihani mara nyingi huwa Desemba. Ni mtihani wa kupima uwezo wa jumla: mambo ya sasa ya Uganda na dunia, hesabu za akili, na ufahamu wa Kiingereza. Hautoki kwenye kitabu cha senior six. Anayesoma gazeti la Kiingereza kila siku kwa miezi minne na kupiga hesabu za asilimia, uwiano na mfuatano wa namba bila kikokotoo ana nafasi nzuri kuliko anayekariri maswali ya zamani yaliyonunuliwa Wandegeya, karibu na Makerere. Kizingiti ni alama 50 kwa mia, lakini kufikisha 50 si kupata nafasi. Nafasi za mature ni chache, waombaji wanapangwa kwa alama, na kozi zenye foleni ndefu zinakata juu kabisa.

Sasa makosa matatu.

La kwanza, kudhani cheti cha mature ni sawa na UACE, cheti cha senior six. Sicho. Kinakuingiza chuoni, basi, na muda wake wa kutumika ni miaka miwili. Wanasiasa ndio wanaolijua hili kwa machungu. Katiba inamtaka mbunge awe amemaliza kiwango cha senior six au kinacholingana nacho, na wapo waliofikishwa mahakamani baada ya kushinda kura kwa sababu waliegemea karatasi ya mature. Mwajiri naye akiandika "UCE na UACE" kwenye tangazo, mature haizibi pengo hilo hata ukiwa na digrii mkononi.

La pili, kufanya mtihani huo kwenye kituo kisichoidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Si kila chuo kinaruhusiwa kuutoa. Ofisi zao ziko Kyambogo na orodha wanazo. Na ukishafika hatua ya kuchagua kozi, usiulize tu kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na idhini hiyo haijaisha muda. Ni vitu viwili tofauti, na chuo kizuri kinaweza kuwa na kozi ambayo idhini yake imelala.

La tatu, linalokuhusu wewe dada: digrii utaifanyia nini? Miaka mitatu ya Usimamizi wa Biashara haikupi ruhusa ya kufundisha ushonaji, na shule inayotangaza zabuni ya sare haiulizi digrii. Kabla ya kulipa fomu ya mature chuo chochote, soma tangazo lao mstari kwa mstari uone wanataka karatasi gani nyingine. Wapo wanaodai UCE.

Mtu anaweza kukutajia pia kozi ya mwaka mmoja ya kuandaa watu kwa chuo kikuu, Higher Education Certificate. Hiyo ni ya waliofanya senior six wakapungukiwa alama. Si yako.

---

Fundi Mtahini (Mbale)

Mama Sare, naona wote wamekujibu kuhusu shule na hakuna aliyegusa cherehani.

Kazi unayoifanya tayari ina mtihani wake, na mtihani huo haukuulizi slipu yoyote. Unapimwa ulichonacho mkononi. Karatasi inaitwa Worker's PAS (Practically Acquired Skills), yaani ujuzi uliopatikana kwa vitendo. Ni kijitabu kinachoonyesha kazi ambazo umefanya mbele ya mtahini ukafaulu. Kuna pia upimaji kwa moduli: unafanya moduli moja, unapewa karatasi yake, ukipata pesa unaongeza nyingine. Miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya DIT, watu wa mafunzo ya viwandani. Sheria ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2025 imeunganisha bodi za mitihani ya ufundi, kwa hiyo siku hizi utasikia jina la bodi mpya, UVTAB. Ukikutana na mtu anayekuandikisha kwa fomu zenye jina la zamani, mwulize kituo chake kimeidhinishwa na nani sasa.

Jinsi ya kuingia: tafuta chuo cha ufundi ambacho ni kituo cha upimaji kilichoidhinishwa kwa ushonaji, uliza tarehe ya awamu inayofuata, lipa ada ya upimaji kituoni na udai risiti yenye jina lako na jina la moduli. Usilipe mtu wa katikati. Vituo vinahitaji idadi fulani ya watahiniwa ili mtahini atumwe, kwa hiyo ukiwa na mafundi wenzako watano au sita sokoni, nendeni pamoja.

Siku yenyewe unapewa kazi, kitambaa, na muda. Tuseme sketi ya shule yenye rinda, zipu na mkanda. Mafundi wazoefu wanaanguka mahali pa kushangaza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Patani. Wengi wenu mnakata kwa macho au kwa kulaza sketi ya zamani juu ya kitambaa. Mtahini anataka uchore patani kwenye karatasi kutoka kwenye vipimo, kiuno, nyonga, urefu, uandike jina la kila kipande na mshale wa uelekeo wa uzi. Asiyechora hupoteza alama kabla hajagusa mkasi.

Nafasi ya mshono. Ukiambiwa sentimita 1.5, ni 1.5 kuanzia juu hadi chini. Mtu aliyezoea kubana kitambaa ili apate gauni la ziada anaacha nusu sentimita, na ndiyo inayoonekana kwanza sketi ikigeuzwa ndani nje.

Pasi. Kila mshono unapigwa pasi kabla ya kushonewa mwingine juu yake. Sokoni watu wanapiga mara moja tu mwishoni. Rinda lililopigwa pasi mwishoni linakaa kama limelala na nguo.

Zipu. Tumia mguu wa zipu. Ukishona kwa mguu wa kawaida mstari unayumba, na mtahini ataupima kwa rula.

Halafu usafi na usalama: sindano zilizohesabiwa, nyuzi zimekatwa, mashine imezimwa unapobadilisha sindano. Wanaziandikia alama hizo, si mapambo. Beba futikamba yako mwenyewe ambayo haijavutika. Ile ya plastiki uliyoitumia miaka mitano inaweza kuwa imerefuka sentimita nzima. Ilinganishe na rula ya chuma.

Kwa zabuni ya sare, kijitabu hicho pamoja na sampuli nzuri na leseni ya biashara kitakusaidia mapema kuliko UCE.

---

Mvukaji

Kuhusu KCSE, kwa ufupi. Mtihani huo ni wa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ambao Kenya inaumaliza. Kundi la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Tena ukirudi nao Uganda unapeleka UNEB ulinganishwe, na unalinganishwa na UCE, haukupandishi hadi UACE. Nauli, vitabu vya mtaala mwingine na Kiswahili cha lazima chenye fasihi, yote hayo ili upate karatasi ileile. Kama mtu aliyekushauri anachukua kamisheni, sasa unajua.

Kwa wanaosoma hapa waliosomea Kenya, Kongo au Tanzania zamani: vyeti vya sekondari vya nje vinalinganishwa na UNEB, vya elimu ya juu ni NCHE. Usipeleke cha sekondari NCHE ukapoteza wiki mbili. Cha Kifaransa kinahitaji tafsiri rasmi kwanza.

---

Mwalimu wa Mitihani (Tororo)

Nirudi kwenye slipu na jina, maana bila hivyo hata senior three haikupokei vizuri.

Shule inapokuandikisha UCE inajaza namba yako ya PLE. Ukiwa hukumbuki, nenda shule uliyofanyia, omba wakuangalizie orodha ya matokeo ya 1997. Kama shule imepoteza, ofisi ya elimu ya wilaya ndiyo hatua inayofuata. Ukishapata jina la kituo, mwaka na namba, UNEB wanaweza kukuthibitishia matokeo. Cheti kikipotea hawachapi kingine, wanatoa uthibitisho wa matokeo, na unakubalika. Ripoti ya polisi ya kupotea kwa mali ichukue mapema, itaulizwa.

Jina: jiandikishe UCE kwa majina yaleyale ya PLE, mpangilio uleule, herufi zilezile. Usiingize la mume. UNEB haibadilishi jina kwenye cheti ili lifuate ndoa yako. Ukiwa na PLE ya Nekesa Rose, UCE ya Rose Wandera na kitambulisho cha tatu, kila ofisi itakurudisha. Pengo kati ya vyeti na kitambulisho unaliziba kwa cheti cha ndoa na hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, wakili yeyote mjini anaandika. Tengeneza moja, toa nakala kadhaa, zigongwe muhuri zote siku hiyohiyo.

---

Mama Sare (Busia)

Asanteni sana, mmenifungua macho. Basi nimeelewa PAS kwanza. Lakini ile ya kufundisha? Mtu akiwa na PAS tu anaweza kuajiriwa chuo cha ufundi? Na kama nitataka UCE, kuna shule ya jioni hapa wanasema wanachukua watu wazima, ila mtihani tutafanyia shule nyingine. Ni sawa?

---

Fundi Mtahini (Mbale)

Kufundisha kwa PAS pekee: warsha ya mtu binafsi au mradi wa kijiji watakuchukua. Chuo kinachotaka wakufunzi wanaotambulika watakuuliza sifa ya juu zaidi ya ufundi, na juu yake mafunzo ya ualimu wa ufundi. Chuo Kikuu cha Kyambogo ni mojawapo ya sehemu zinazoandaa walimu wa aina hiyo. Ngazi ni hii: kuingia cheti cha taifa cha ushonaji na ubunifu wa mavazi, miaka miwili, wanataka UCE. Baada yake diploma, miaka miwili mingine. Kwa hiyo mwalimu hakukosea kukuambia UCE, amekosea tu kuanza nayo.

Hesabu: PAS mwaka huu. Senior three na four, miaka miwili. Cheti, miwili. Diploma, miwili. Utakuwa unakaribia 50. Utumishi wa umma unastaafisha kwenye miaka 60, kwa hiyo hata ukitaka kazi ya serikali bado kuna muda, ila si mwingi. Kama lengo ni kuwafundisha wasichana wa mtaani na kulipwa na wazazi wao, huhitaji kupanda ngazi hiyo yote. Jibu hilo unalo wewe.

---

Karani wa Udahili

Mimi na fundi hatukubaliani hapo mwisho. Anayewafundisha wasichana bila yeye kuwa na karatasi hawezi kuwapeleka kwenye upimaji kama kituo, na mzazi atauliza cheti. Lakini hilo ni la baadaye.

Kuhusu pesa: mkopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESFB, ulioundwa kwa sheria ya 2014, hausaidii sekondari. Unaanzia kwenye diploma na digrii, kwa kozi na vyuo vilivyo kwenye orodha yao, na unalipia karo, ada za chuo na utafiti, haulipii chumba wala chakula. Senior three na four zitatoka mfukoni mwako. Kabla ya kuanza, weka kando karo ya muhula mmoja mbele kila wakati. Watu wazima hawaachi shule kwa kushindwa masomo. Wanaachia muhula wa pili, pesa ya watoto na pesa yao inapogongana Mei. Kwako ni afadhali kidogo maana sare zinalipa Januari na Februari: lipa mwaka mzima hapo ikiwezekana.

---

Mwalimu wa Mitihani (Tororo)

Shule ya jioni isiyo na namba ya kituo: hapo simama. Zamani haikuwa na shida. Sasa alama za tathmini endelevu zinapelekwa na kituo ulichosajiliwa. Walimu wa jioni wakikupima wao, na kituo kingine ndicho kinachoingiza alama, kuna siku ofisi hizo mbili zitakosana na wewe utaumia. Waulize maswali haya, na majibu uyapate kwa maandishi:

Namba ya kituo mtakachonisajilia ni ipi? Vituo vya UCE vina U na tarakimu nne. Kazi zangu za senior three ataziingiza nani, na nitaziona lini? Vitendo vya Kemia na Fizikia tutafanyia wapi, mara ngapi kwa muhula? Nikishasajiliwa nitaiona orodha yenye jina, picha na masomo yangu? Hiyo orodha uione kwa macho yako mwezi wa Juni, si Oktoba. Kisa cha kila mwaka ni mtu aliyelipa ada yote, pesa ikabaki kwenye meza ya mtu, na siku ya karatasi ya kwanza hana namba.

Muda wako wa saa kumi kwa wiki, ukigawa kwa masomo nane, ni saa moja na robo kwa somo. Haitoshi kuwa masomo yote, inatosha kuwa marudio tu. Lazima uhudhurie darasa, na hapo itabidi mchana wa siku kadhaa cherehani ashike yule msichana. Jaribu hivi kabla ya kulipa: chukua kitabu cha Hisabati cha senior two cha mtaala mpya, kaa nacho saa moja na nusu kila jioni kwa wiki sita, bila kukosa. Ukikosa zaidi ya jioni moja kwa wiki, tatizo ni ratiba, na karo haitalitatua.

Na macho yapimwe. Baada ya 40 maandishi madogo ya karibu huanza kufifia, hasa kwa taa ya jioni. Wewe unayeingiza uzi kwenye sindano utakuwa umeshalihisi. Miwani ya kusomea ya +1.00 au +1.50 ni kitu kidogo, lakini nimeona watu wakidhani akili imezeeka kumbe ni macho.

---

Mama Sare (Busia)

Uzi siku hizi naingiziwa na msichana, mwalimu, umenikamata. Swali la mwisho: somo la kuchagua, nikichukua Kiswahili si ndiyo rahisi? Hapa Busia tunakiongea kutwa.

---

Mwalimu wa Mitihani (Tororo)

Chukua, lakini usikidharau. Katika mtaala mpya Kiswahili ni lazima senior one na two, halafu senior three kinakuwa cha hiari, kwa hiyo wenzako darasani watakuwa na miaka miwili ya sarufi ambayo wewe huna. Cha mpakani kinakupa ufahamu na insha, ila kwenye ngeli kinakuangusha. Sokoni unasema "nguo yako imeisha", "cherehani yangu imeharibika", na hapo uko sawa. Lakini ukiandika "vitambaa zangu zote" badala ya "vitambaa vyangu vyote", au "majora tatu" badala ya "majora matatu", kila kosa ni alama.

Anza na hizi: KI-VI kwa vitambaa, vifungo na vipimo, LI-YA kwa majora na marinda, U-ZI kwa uzi na nyuzi. Vyote viko mezani pako. Andika sentensi tano kwa siku za kazi yenyewe, "uzi umekatika, nyuzi zimekatika", "kifungo kimepotea, vifungo vimepotea". Kisha mpe mwalimu wa Kiswahili wa shule unayoishonea sare azisahihishe.